Vita vya Plagi Nyeusi Katika Njia ya Nkowe

Sogeeni, enyi mliokwisha kula na ninyi mlio bado kula, tandikeni majamvi, wapakateni watoto, mfukuzeni yule mbwa, kwa maana tunayoyaleta leo si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wengine wamesimulia habari za masultani waliovunja ngome, na wengine habari za majemadari waliovuka mito iliyofurika. Sisi tumekabidhiwa jambo zito kuliko hayo. Tutasimulia jinsi Bashiri bin Jumaa wa Mkotokuyana, Mpanda Chuma, Mla Vumbi, Mwenye Miwani ya Kioo Kijani, alivyofungua plagi moja, na jinsi alivyoifunga tena. Ewe Mola, tupe pumzi ya kutosha, na utuwekee kicheko mbali mpaka tumalize.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na mbili. Wazungu wa karanga walikuwa wakifungasha. Wale waliokuja na matrekta mengi kuliko mawingu, wakaung'oa msitu wa Nachingwea kana kwamba umewatukania mama zao, walikuwa wameshindwa na kijikaranga, na sasa kila mmoja aliuza alichoweza kuuza akaenda zake. Miongoni mwao alikuwako Mtaliano mmoja, fundi wa injini, ambaye aliacha nyuma yake tukutuku, pikipiki ya kwao Italia. Bashiri, aliyekuwa akimwoshea matrekta, aliitwaa kwa mbuzi watatu na saa ya mkononi isiyotembea. Mtaliano alipokea saa ile akacheka, nasi hatujui alimcheka nani.

Tukutuku yenyewe ilikuwa nyekundu kama pilipili iliyoiva, kimo chake cha ndama wa miezi sita, na ubavuni mwa tangi palikuwa na maandishi ya dhahabu ambayo hakuna mtu wa Mkotokuyana aliyeweza kuyasoma. Kila alfajiri, kabla jogoo hajamaliza neno lake, shujaa alitwaa kitambaa akaipangusa taa, akaipangusa honi, akazipangusa spoki moja moja, thelathini na sita za mbele na thelathini na sita za nyuma. Aliijengea banda la nyasi mpya, ilhali jiko la mkewe Mwamina lilivuja kila mvua iliponyesha. Alinunua chandarua, cha kwanza kuonekana katika ukoo wake, akakitundika juu ya tukutuku ili vumbi lisiiguse, kisha yeye na mkewe wakaingia ndani kulala na mbu. Mwamina alijikuna usiku kucha, akakumbuka kwamba alipoolewa mama yake alimwambia huyu ni mtu wa akili.

Lakini injini yenyewe, moyo wa mnyama, Bashiri hakuifungua hata siku moja. Mtaliano alikuwa amemwonyesha mara mbili. Plagi hufunguliwa hivi, kwa spana hii, husuguliwa masizi, hurudishwa mahali pake. Mafuta ya injini huchanganywa na petroli, kidogo tu, kila unapojaza tangi. Bashiri alitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Aliporudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba Mtaliano ni mtu mwema ila amezoea vibaya, kwa kuwa masizi ni kazi ya jikoni, na mwanamume aliyetunukiwa chuma na Ulaya hawezi kuchokora masizi kama mpishi.

Basi, ikafika habari ya Nkowe. Mnajua katika nchi yetu ya Wamwera baba huzaa na mjomba huamua. Biasha, dada yake Bashiri, alikuwa na binti aitwaye Sabaha, na Sabaha alikuwa na waposaji wawili. Wa kwanza alikuwa Amiri wa Namungo, kijana fundi wa kusuka vitanda, ambaye Sabaha alimtaka. Wa pili alikuwa Mzee Saadi wa Ruangwa, mwenye wake wawili na mikorosho isiyo na mwisho, ambaye alitakwa na Yunusi, mdogo wake Bashiri, kwa sababu Yunusi alikuwa akiilinda mikorosho hiyo. Wazee wangekaa mkekani siku ya Ijumaa, baada ya swala. Mjomba mkubwa akiwapo, neno ni lake. Akikosekana, neno ni la mjomba mdogo, na neno likishatamkwa mkekani halirudi kinywani.

Bashiri alikuwa amekwisha kuahidi kumwoza Sabaha kwa Amiri. Hata hivyo, Sabaha aliyemjua mjomba wake alimtumia Mwamina ujumbe wa peke yake: "Mkaza mjomba, nakuomba. Aje kwa miguu, aje kwa lori, aje anatambaa, lakini aje."

Siku ya Alhamisi Mwamina akamwendea mumewe aliyekuwa akipangusa honi.

"Baba Shaban," akasema, maana ndivyo alivyomwita, kwa jina la mwana wao wa kwanza, "lori la mihogo linapita saa tisa. Tupande leo, tulale Ruangwa, kesho asubuhi tuko Nkowe tumeshanawa na miguu."

Shujaa akasimama. Akaweka mkono mmoja juu ya tangi na mwingine kiunoni, akahutubia uwanja mzima, nao uwanja ulikuwa na Mwamina na kuku wanne.

"Mama Shaban! Ulimwona wapi simba kapanda mgongo wa kondoo? Mimi nikalie magunia ya mihogo, nishuke Nkowe nimejaa unga kama kinu, ilhali chuma cha Ulaya kimelala bandani? Wazee waseme nini? Yunusi aseme nini? La, hasha! Bashiri ataingia Nkowe akinguruma. Kuku watapaa, mbuzi watakata kamba, na wazee watasimama wote bila kuambiwa!"

"Na ukinguruma ukachelewa?"

"Bashiri hachelewi. Saa ndizo huwahi."

Mwamina alikwenda jikoni akafunga zawadi ya wifi yake, kibuyu cha mafuta ya ufuta aliyoyakamua kwa mikono yake siku mbili nzima, akakiziba kwa gunzi.

Ijumaa ikapambazuka. Shujaa alitoka amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia ya kazi ya mkono, na ile miwani ya kioo kijani aliyoachiwa na Mtaliano, iliyomfanya aonekane kama chura aliyehiji. Akajaza petroli. Akatikisa kopo la mafuta ya injini, likanyamaza, kwa kuwa lilikwisha tangu mwezi wa nane naye hakuona sababu ya kujisumbua. Majemadari wa kale walipopungukiwa na mishale walifyatua mawe. Bashiri akatazama kulia, akatazama kushoto, jicho likaangukia kibuyu.

"Hayo ni ya Biasha," Mwamina akasema.

"Mafuta ni mafuta."

"Ni ya ufuta, Baba Shaban! Ni ya kupikia!"

"Chuma hakina ulimi," akatoa fatwa, na kibuyu chote kikaingia tangini, glugu, glugu, mpaka tone la mwisho. Mwamina alisimama na gunzi mkononi. Alitamani kulia kwa uchungu wa siku zake mbili, ila alimkumbuka Sabaha, akapanda nyuma akashika chuma cha kukalia.

Wakaondoka. Na hapa, enyi wasikilizaji, tukiri ukweli, tukutuku iliwaka, ikanguruma, ikaruka. Ila moshi wake ulikuwa mzito na mweupe, na ulinukia vitumbua. Walipokatiza Nachingwea mjini, akina mama walitoka milangoni wakivuta pua. Bibi mmoja akauliza kwa sauti arusi iko kwa nani. Mbwa wawili waliokonda waliufuata moshi ule maili nzima, ndimi nje, wakiamini kwamba mwisho wa safari kuna chakula. Bashiri alipoona watu wametoka barabarani aliinua mkono kuwabariki. Aliamini wamemtokea yeye.

Zilipopita maili kumi na mbili baada ya Nachingwea, mahali ambapo wakulima walikuwa wamechoma mashamba kungoja mvua na ardhi yote nyeusi hadi pembeni mwa njia, tukutuku ikapiga chafya. Ikakohoa mara tatu. Ikanyamaza.

Shujaa akashuka, akavuta miwani juu ya paji la uso, akaizunguka tukutuku kwa hatua za polepole kama anayepeleleza ngome ya adui.

"Ewe chuma!" akaanza. "Nilikufunika chandarua, nikakulinda na umande. Leo mbele ya jua la Mungu unanifedhehesha?"

Chuma hakikujibu. Hapo ndipo vita vilipoanza. Bashiri akapiga teke gurudumu la mbele. Akapuliza tangi kwa mdomo, akatema petroli, akatema tena. Akaulaumu uzito wa Mwamina, ambaye alikuwa amekwisha kushuka na amekaa kwenye jiwe. Akatandika kanga ya mkewe chini akaanza kufungua kila kilichofunguka: kifuniko cha taa, kengele ya honi, bolti mbili zisizohusika, na mwisho ile plagi, ambayo aliishika kwa ncha za vidole viwili na kuiweka pembeni haraka ili isiguse kanzu.

Jua likapanda. Saa nne ikapita, saa tano ikafika. Akaja mtu juu ya baiskeli, amebeba mafurushi ya tumbaku, anapiga mluzi. Alikuwa Linus, Mngoni aliyekuja kufanya kazi ya karanga akabaki, naye ni mtani wa kila Mmwera anayepumua, kama mjuavyo babu zake walivyowafanya babu zetu.

"Eeh, Mmwera!" akapaza sauti akifunga breki. "Umetandika mkeka wa sadaka? Nani kafa?"

"Pita na njia yako, Mngoni. Hapa kuna mambo ya kitaalamu."

"Nayaona. Babu yangu aliposhuka kutoka Songea, babu yako alikimbia mpaka akasahau chungu motoni. Lo, mjukuu hata kukimbia kumemshinda, anachokora chuma!"

Mwamina akainuka jiweni. "Mtani, unakwenda wapi?"

"Nkowe, gulioni."

"Basi mpakie huyu. Mfikishe kabla ya wazee kukaa. Tumbaku nitaibeba mimi kichwani, nije nyuma."

Linus akamtazama Bashiri kuanzia kofia hadi viatu. "Apande. Mmwera hana uzito, kichwani hamna kitu."

Ndugu zangu, mlango wa wokovu ulikuwa wazi, una magurudumu mawili na kiti cha nyuma. Shujaa akajivuta akawa mrefu.

"Bashiri bin Jumaa kupakiwa kama gunia la tumbaku? Na Mngoni? Afadhali kaburi!"

"Haya, baki na kaburi lako," Linus akasema, akanyoosha mkono, akaichomoa ile miwani ya kijani kutoka kwenye paji la uso wa shujaa, akaivaa. "Hii naichukua kwa haki ya utani."

Bashiri alivimba kama andazi, lakini akaiacha iende, kwa sababu mtani akichukua hakasirikiwi, na anayekasirika hutozwa zaidi. Linus alipokuwa akikaa sawa kwenye baiskeli, Mwamina akamsogelea akamnong'oneza.

"Mtani, ukifika, wacheleweshe. Fanya ujuavyo."

"Kuwachelewesha Wamwera?" Linus akacheka. "Ni kama kuwafundisha samaki kuogelea." Akaenda zake kwa njia ya mkato, kioo kikimetameta.

Wakabaki wawili, na mnyama aliyekufa. Mwamina alimtazama mumewe aliyekuwa sasa anaipangusa taa, ndiyo, anaipangusa taa, na hasira ikampanda kutoka miguuni. Akilini alimwona Sabaha akiwa ameketi chumba cha ndani, anasikiliza mlio ambao hauji. Alimwona Mzee Saadi akikunja shuka lake kukaa vizuri. Alimkasirikia Bashiri, alimkasirikia Mtaliano, aliikasirikia hata mimea ya karanga ambayo haikuota vizuri, maana ingeota Mtaliano asingeuza chochote. Akainama kuokota kanga yake aondoke kwa miguu, liwalo na liwe.

Ndipo alipoiona plagi. Ilikuwa imelala kwenye ua la kanga, nyeusi tititi, imegandwa na ukoko unaong'aa.

"Hii ndivyo ilivyo siku zote?"

"Nyeusi ndiyo rangi yake," Bashiri akasema bila kugeuka.

Mwamina akaikwaruza kwa ukucha. Aliufahamu ukoko ule. Kila mwanamke wa Mkotokuyana anaufahamu. Ni mafuta ya ufuta yaliyoungulia kwenye kikaango, yanaganda kama gundi, maji hayayatoi, kitambaa hakiyatoi. Dawa yake ni moja tangu enzi za bibi zetu.

Akavuka kwenda kwenye shamba lililochomwa, akachota majivu meupe kwenye kisiki, akachota mchanga laini kwenye mfereji, akapiga magoti.

"Usiguse!" shujaa akapiga ukelele. "Mwanamke, huo ni moyo wa chuma!"

"Baba Shaban, nisikilize vizuri," Mwamina akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko siku zote. "Nimelala na mbu miezi minane kwa ajili ya kitu hiki. Umenimwagia mafuta yangu. Umekataa lori, umekataa baiskeli. Leo mtoto wa dada yako ataozwa kwa babu kwa sababu wewe unaogopa masizi. Shika kanzu yako, kaa hapo kivulini, na ukisema neno jingine naitupa hii plagi porini nakwenda nyumbani kwetu."

Bashiri akashika kanzu yake. Akakaa kivulini. Mwamina akasugua. Alisugua kama anavyosugua kikaango cha sikukuu, majivu kwanza, mchanga halafu, majivu tena, akaingiza mwiba kwenye kitundu, akaupitisha pembeni, akakwangua, akapuliza, akafuta kwa pindo la kanga. Mikono yake ikawa nyeusi hadi viwiko. Mchanga uliopatana na majivu ukaula ukoko mpaka chuma kikatokea, cheupe, safi, kama kilivyotoka kwao. Kisha, kwa kuwa hakuwa mjinga, akafunga majivu mengine na mchanga kwenye pindo la kanga kwa ajili ya mbele.

Na sasa, wapiga ngoma wakae tayari. Bashiri bin Jumaa akainuka kutoka kivulini.

"Lete," akasema. "Hapa panataka mwanamume."

Akaikunja mikono ya kanzu. Akaichukua plagi. Akaiweka kwenye tundu lake, akaisukumia spana, akaizungusha. Mara ya kwanza ikashika, na nchi ikatulia. Mara ya pili ikaingia. Mara ya tatu ikakaza. Mara ya nne shujaa akakunja uso, mshipa ukamtoka shingoni, spana ikalia kidogo, na kazi ikawa imekwisha. Vile vingine vyote vikarudishwa mahali pake, akapiga kiki. Tukutuku ikanguruma, na harufu ya vitumbua ikaijaza nchi iliyoungua.

"Umeona?" akamwambia mkewe.

Wakaruka. Wakapita Ruangwa, kuku wakapaa kama alivyoahidi, na walipofika ng'ambo ya mji Mwamina akasikia adhana ya swala ya Ijumaa nyuma yao. Shujaa hakusimama. Maili chache mbele tukutuku ilikohoa tena, ikawapandisha kilima cha mwisho kwa pumzi iliyobaki, ikafa juu kabisa, mahali ambapo mapaa ya Nkowe yanaonekana yote. Kwa hiyo swala ya Ijumaa ilimpita Bashiri bin Jumaa akiwa amepiga magoti mbele ya injini.

Kutoka pale hadi uwanja wa Biasha ni hatua mia tatu. Mwamina aliwaona watu wakitoka msikitini. Aliuona mkeka umetandikwa.

"Nenda!" akasema. "Nenda kwa miguu, Baba Shaban, kimbia! Mimi nitaisukuma!"

"Niingie nimeshika kanzu, natweta kama mwizi wa mahindi?" Bashiri akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa na machozi ndani yake. "Yunusi ataniona, Mama Shaban. Yunusi!"

Mwamina alimtazama. Aliona kwamba mtu huyu angeweza kumpoteza mtoto wa dada yake kwa hatua mia tatu, na aliona pia kwamba hapana muda wa kumbadilisha. Ana miaka arobaini, na samaki hukunjwa angali mbichi. Akafungua pindo la kanga.

"Fungua plagi," akasema. "Upesi."

Huko uwanjani, kama Mwamina alivyosimuliwa baadaye, mambo yalikuwa yamefika shingoni. Linus alikuwa amefika zamani. Alikuwa amejitupa chini mbele ya mkeka, miwani ya kijani usoni, analia kwa kwikwi.

"Bashiri wetu! Oo, Bashiri! Miwani hii ndiyo iliyobaki!"

Biasha alishika kifua. "Mtani, sema kweli, kaka yangu yuko wapi?"

"Kweli ipo njiani, mama, inasukumwa!"

"Huyu anatania," Yunusi akasema, ameshika pembe ya mkeka, goti moja limekwisha kuwa juu yake. "Tuanze. Mjomba nipo."

Mzee Kaimu, aliyekuwa mkubwa wa kikao, akakuna kidevu. "Anatania, najua. Lakini utani wa Mngoni huwa na nusu ya kweli, na posa hailiwi juu ya matanga. Tungoje kidogo." Wakangoja. Linus akalia mpaka koo likakauka, akaomba maji, akalia tena. Mwishowe Mzee Kaimu akapiga makofi mawili. "Imetosha. Yunusi, kaa."

Yunusi akakaa. Ndipo kilima kiliponguruma.

Tukutuku iliteremka hatua mia tatu ikitoa moshi kama tanuri la matofali, mbuzi wakakata kamba, watoto wakapanda miti, na mbele ya moshi alikuwa Bashiri bin Jumaa, kanzu inapepea, kichwa kimeinuka, kofia imeanguka haijulikani wapi. Alikatiza uwanja, akafunga breki mbele ya mkeka kabisa, na injini ikafa palepale chini yake. Wazee wote walikuwa wamesimama. Harufu ikatanda.

"Mafuta ya ufuta," Biasha akasema akivuta pua. "Nayasikia. Mbona siyaoni?"

Yunusi akainuka polepole kutoka mkekani, maana ndivyo ilivyo sheria, na Bashiri akakaa. Mwamina, aliyeshukia pembeni, akaenda upande wa wanawake na mikono ameificha ndani ya kanga. Mlangoni mwa chumba cha ndani aliona macho mawili ya Sabaha.

"Mjomba mkubwa amefika," Mzee Kaimu akasema. "Waposaji wawili wametajwa hapa. Tupe neno lako."

Bashiri akakohoa. Akatupa macho kuwazunguka wote.

"Wazee wangu! Nimetoka Mkotokuyana jua halijachomoza. Nimepigana njiani na chuma, na chuma kimesalimu amri. Kwa mkono huu nimefungua moyo wake, kwa mkono huu nimeufunga. Mara mbili! Aliyeniona ashuhudie! Basi mimi, Bashiri bin Jumaa, mbele yenu, binti yetu Sabaha ninamwoza kwa..."

Akanyamaza.

Kinywa kilibaki wazi. Alitazama tangi jekundu, akatazama mkeka, akatazama mbingu. Mwamina aliuona uso ule akajua. Jina lilikuwa limemtoka. Katika kichwa kilichojaa spoki sabini na mbili hapakubaki nafasi ya jina moja la kijana wa watu. Yunusi, ndugu mwema, akainama kumsaidia kaka yake.

"Sa..." akaanza kumnong'oneza. "Saa..."

"Amiri," Mwamina akasema.

Alilisema kwa sauti kubwa, toka upande wa wanawake, bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Amiri!" Bashiri akanguruma, kana kwamba jina lile amelipata mwenyewe vitani. "Amiri wa Namungo!"

Neno likatamkwa mkekani. Vigelegele vikapasuka ndani ya nyumba, Linus akaacha kulia akaanza kucheza, na Mzee Saadi akakunja shuka lake akaenda kutazama mikorosho. Wazee wakamzunguka Bashiri. Wakamshika mkono uliozungusha spana, mmoja baada ya mwingine, wakaugeuzageuza. Mzee Kaimu akatangaza kwamba tangu kuumbwa kwa Nkowe hajaingia mjomba kwa namna ile, na kwamba mwaka huo usiitwe tena mwaka wa nzige, uitwe Mwaka wa Tukutuku, na hivyo ndivyo ulivyoitwa, na watu waliozaliwa mwaka ule huhesabu umri wao kwa jina hilo hadi leo.

Katika chumba cha ndani, Sabaha alikuwa amemshika Mwamina mikono yote miwili, akaikunjua kutoka kwenye kanga, akaiona. Alileta maji, akaleta majivu ya jikoni, akaanza kumsugua kidole kwa kidole, na wote wawili walikuwa wanalia na kucheka. Kutoka uwanjani walimsikia Bashiri akisimulia. Alipoanza, katika simulizi yake spana ilizunguka mara nne. Mikono ya Mwamina ilipokuwa safi, spana ilikuwa imezunguka mara arobaini, na mvua ilikuwa inanyesha, na palikuwa na chui.